Shauri Yako Si Jibu: Manyatta Yahitaji Kikosi Tamba cha Afya ya Akili

Sarufi ya Kiswahili ina huruma ambayo sisi watumiaji wake mara nyingi hatuna. Mtu anapougua akili, Kiswahili husema kwamba amerukwa na akili, ameshikwa na wazimu, amepagawa, amepandwa na kichaa. Vitenzi vyote hivi viko katika umbo la kutendwa. Akili ndiyo iliyoruka na wazimu ndio ulioshika. Mgonjwa ametendwa tu. Hata tunapozungumzia dawa za kulevya, mtenda katika kirai hicho ni dawa, naye binadamu ndiye anayelevywa. Lakini mara tu mgonjwa huyo anapopiga mayowe usiku wa manane, au mraibu anapoanza kutetemeka na kuona nyoka wasiokuwapo, tunaisahau kauli ya kutendwa na kumgeuza mtenda: mkorofi, mhalifu, mlevi wa kujitakia. Tunamwita chifu. Tunawaita polisi. Tunatafuta kamba.

Makala haya yanatetea hoja moja: kwamba eneo la Manyatta katika Kaunti ya Embu linahitaji kikosi tamba cha afya ya akili, yaani wahudumu wachache wa afya waliofunzwa, wenye gari na nambari moja ya simu, wanaomwendea mgonjwa alipo, mchana au usiku, pindi hali yake ya akili au ya uraibu inapogeuka kuwa ya dharura. Neno tamba nimelichagua kwa makusudi. Wasomaji wa jarida hili wanaufahamu mjadala wa simu tamba na rununu, enzi ambapo kila idara ya Kiswahili ilikuwa na istilahi yake na kila mhadhiri alikuwa tayari kuitetea hadi jua lichwe. Simu tamba ilishindwa sokoni. Wananchi walio wengi wakabaki na simu ya mkononi. Hata hivyo, kitenzi kutamba hakikufa. Kinatuhifadhia maana mbili zinazotufaa hapa: kwenda huku na huko bila kukwama mahali pamoja, na kutamba hadithi mbele ya hadhira inayosikiliza. Kikosi ninachokipendekeza kinakwenda, kisha kinasikiliza. Fanani ni mgonjwa mwenyewe.

Msomaji asiyelijua eneo hili asidhani kwamba tunazungumzia pori lisilo na huduma. Manyatta ni eneo bunge linaloanzia kwenye miteremko ya Mlima Kenya, penye majani chai na kahawa, likapita Kianjokoma, Kibugu na Kairuri, hadi mjini Embu penyewe, yalipo makao makuu ya kaunti na Hospitali ya Embu ya Level 5. Hospitali ipo. Lami ipo. Bodaboda zipo hadi saa za usiku. Kinachokosekana ni kiungo baina ya kitanda cha hospitali na mlango wa mgonjwa saa nane za usiku. Mjini Embu kuna mtaa uitwao Shauri Yako. Jina hilo si la Embu pekee, kwani miji kadhaa ya Kenya ina mitaa iitwayo vivyo hivyo, lakini kwa mtu anayehangaika na ndugu aliyerukwa na akili, jina hilo limekuwa muhtasari wa jibu analopewa na jamii yake.

Tuchukue kielelezo cha kubuni, ingawa hakina hata chembe ya ajabu kwa mkaazi wa miteremko hiyo. Kijana wa miaka thelathini amekunywa pombe kali kila siku kwa muda wa miaka sita. Wiki hii hana kibarua, hana pesa, na mwenye baa amekataa kumkopesha. Siku ya kwanza anatetemeka mikono. Siku ya pili halali. Siku ya tatu anaanza kuzungumza na watu wasioonekana, anaukimbia ukuta, anamwambia mama yake kwamba amekuja kumchinja. Mama anawaita majirani. Majirani wanamfunga mikono. Mzee wa kijiji anampigia naibu wa chifu, naye anapiga simu kituo cha polisi. Kijana analala selini. Kwa maoni ya kila mmoja wao, tatizo limetatuliwa: mama amesalimika, kijiji kimetulia, na mlevi atalevuka hadi asubuhi.

Tatizo halijatatuliwa. Kijana huyo hakuwa amelewa. Alikuwa ameacha pombe. Madaktari wanajua kwamba mraibu wa muda mrefu anapoacha pombe ghafla, hatari kubwa zaidi humfika baina ya siku ya pili na ya nne: kuweweseka, kuona maruweruwe, joto la mwili kupanda, na mara nyingine kifafa. Hali hiyo isipotibiwa inaweza kuua. Ikitambuliwa mapema hutibika kwa dawa za kutuliza zilizo za kawaida hospitalini, vitamini ya thiamini, maji na uangalizi. Selini hakuna hata kimoja cha hivyo isipokuwa uangalizi, na uangalizi wa seli haukukusudiwa kuhesabu mapigo ya moyo.

Kiini cha hoja yangu kiko hapa. Gizani, mlevi, mgonjwa wa akili na mgonjwa wa mwili hufanana. Aliyepungukiwa na sukari mwilini huyumba na kutukana kama mlevi. Mwenye malaria iliyopanda ubongoni huropoka kama mwendawazimu. Aliyeanguka na kuumia kichwa husinzia kama aliyezidiwa na chang'aa. Aliyekunywa pombe yenye methanoli huonekana kwa saa kadhaa kama mnywaji mwingine yeyote, kisha kesho yake analalamika kwamba macho yamefunga ukungu, anapumua kwa kasi, na ikiwa hajafikishwa hospitalini anaweza kupofuka au kufa. Muuguzi mwenye kipimasukari, kipimajoto na kipimashinikizo anaweza kuanza kuwatenganisha wagonjwa hawa katika dakika chache. Afisa wa polisi mwenye pingu hawezi, wala si haki kumlaumu, kwa kuwa hakufunzwa kazi hiyo wala hakupewa vifaa vyake.

Embu haina haja ya kuhubiriwa kuhusu methanoli. Mnamo Mei 2014, pombe iliyotiwa sumu hiyo iliua zaidi ya watu 60 nchini katika muda wa siku chache, na Embu ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizofikwa na msiba huo, pamoja na Kiambu, Murang'a, Kitui na Makueni. Wengine walipoteza uwezo wa kuona. Haikuwa mara ya kwanza: mnamo Novemba 2000, pombe iliyojulikana kwa jina la kumi kumi iliwaua zaidi ya watu 100 katika mitaa ya mabanda jijini Nairobi. Wala haikuwa ya mwisho: Februari 2024, watu zaidi ya 10 walifariki katika kijiji cha Kangai, Kaunti ya Kirinyaga, ambayo ni jirani yetu wa mlango kwa mlango. Baada ya kila msiba serikali hutangaza msako, mapipa humwagwa mbele ya kamera, na leseni hufutwa. Sipingi misako. Nasema tu kwamba msako humwendea muuzaji. Nani humwendea mnywaji? Katika sumu ya methanoli, saa zinazopita kabla ya mgonjwa kufikishwa hospitalini ndizo huamua kama atatoka na macho yake au bila macho.

Tulifikaje hapa? Sehemu ya jibu imo katika historia ya sheria zetu. Hospitali ya Mathari ilianzishwa na wakoloni mnamo 1910 kama mahali pa kuwatenga wendawazimu, na kwa miongo mingi tiba ya akili nchini ilimaanisha safari ya kwenda Nairobi, ambayo kutoka Embu ni zaidi ya kilomita 100. Sheria ya Afya ya Akili ya 1989 iliwapa maafisa wa polisi, machifu na manaibu wao mamlaka ya kumchukua mtu anayedhaniwa kuwa na maradhi ya akili na kumfikisha hospitalini. Nia haikuwa mbaya. Lakini sheria ikimkabidhi chifu na polisi ufunguo wa kwanza, jamii nayo hujifunza kwamba mlango wa ugonjwa huu ni mlango wa serikali yenye rungu. Isitoshe, kwa muda mrefu kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa linaloweza kumpeleka mtu jela hadi miaka miwili. Aliyeokolewa kwenye mti alikuwa akipokewa na shtaka. Ni nani angempigia simu mtu yeyote?

Mambo yamebadilika, na haifai kuandika kana kwamba hayakubadilika. Katiba ya 2010, katika ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya kiwang'o cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa, na inaongeza kwamba hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Jedwali la Nne la Katiba hiyo hiyo limeziachia kaunti hospitali zao na huduma za ambulensi. Jopokazi lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilikabidhi ripoti yake Julai 2020, likapendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Mswada uliodhaminiwa na Seneta Sylvia Kasanga ukawa sheria mnamo Juni 2022, ukaiweka huduma ya afya ya akili miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Na Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu cha 226 kinakiuka Katiba. Kwa ufupi, sheria imeanza kusema yale ambayo sarufi yetu imekuwa ikisema siku zote: huyu ametendwa. Kilichobaki ni matendo, na matendo hayafanyiki Nairobi. Hufanyika Kibugu, usiku, mvua ikinyesha.

Kuna sababu nyingine inayoifanya Manyatta istahili kutangulia. Agosti 2021, ndugu wawili wa Kianjokoma walifariki baada ya kukamatwa na polisi wakati wa kafyu ya korona, na maafisa sita wakafikishwa mahakamani kwa shtaka la mauaji. Ndugu hao hawakuwa wagonjwa wa akili wala waraibu, na si nia yangu kuwatwisha kisa kisicho chao. Ninachosema ni kwamba kumbukumbu ya mahali ina uzito wake. Mzazi wa Kianjokoma anayetakiwa awaite polisi waje wamchukue mwanawe aliyechanganyikiwa hatafakari juu ya kifungu cha sheria pekee. Anapima hatari mbili: hatari ya mwanawe akiachwa nyumbani, na hatari ya mwanawe akichukuliwa. Jamii ambayo mzazi analazimika kupiga mizani ya namna hiyo haijampa msaada; imempa mtihani. Mtu mwenye sare ya uuguzi akibisha hodi, mizani hiyo haina kazi tena.

Kikosi chenyewe kingekuwaje? Tusikifikirie kama jambo la anasa. Kingehitaji muuguzi au afisa wa kliniki aliyefunzwa afya ya akili, mshauri nasaha, na dereva anayezijua njia za mashambani. Kingehitaji gari moja lisilo na ving'ora wala maandishi ya kumwaibisha anayepakiwa. Kingehitaji mkoba wenye vipimo nilivyovitaja na dawa chache za dharura. Kingehitaji daktari wa zamu katika hospitali ya Embu, anayepatikana kwa simu ili aidhinishe matibabu. Zaidi ya yote, kingehitaji macho na masikio vijijini, na hayo tayari tunayo. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii takriban 100,000 kote nchini, watu wanaozuru nyumba hadi nyumba na kuzijua familia kwa majina. Mhudumu huyo ndiye anayejua kwamba kijana fulani ameacha dawa zake tangu mwezi uliopita, au kwamba mama fulani aliyejifungua juzi amekoma kula na kuzungumza. Kikosi kikimsikiliza, nusu ya dharura zitafikiwa kabla hazijawa dharura. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Aidha, kazi ya kikosi isiishe mgonjwa anapotulia. Kirudi baada ya siku mbili, kirudi baada ya wiki. Mara nyingi dharura moja huzaa nyingine kwa sababu mgonjwa alirudishwa katika nyumba ileile, na shida zilezile, bila dawa wala mtu wa kumwuliza hali. Nambari za simu za kitaifa zipo na zina manufaa: ile ya NACADA, 1192, kwa wanaosumbuliwa na vileo, na ile ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199, kwa wanaohitaji ushauri nasaha. Lakini sauti ya simuni haiwezi kupima sukari, wala haiwezi kumshika mtu mkono. Kikosi tamba ni simu iliyoota miguu.

Wenzetu kwingineko wamekwisha kujaribu. Katika mji wa Eugene, Jimbo la Oregon, Marekani, kliniki ya White Bird ilianzisha mnamo 1989 huduma iliyoitwa CAHOOTS, ambapo mhudumu wa tiba na mshauri walitumwa kwa gari kuwaendea watu wenye dharura za akili, ulevi na ukosefu wa makao, badala ya polisi. Jijini Stockholm, Uswidi, ambulensi ya afya ya akili ilianza kazi mwaka wa 2015, ikiwa na wauguzi wawili wa akili na dereva. Afrika nayo haikulala: nchini Zimbabwe, Dkt. Dixon Chibanda alianzisha mnamo 2006 mpango wa Benchi la Urafiki, ambapo nyanya waliofunzwa huketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza. Benchi si gari, lakini linathibitisha kwamba si lazima kila anayemtuliza mwenye huzuni awe na shahada ya udaktari. Kwa nchi kama yetu, ambayo madaktari wake bingwa wa akili ni wachache na wengi wao wako Nairobi, hilo ni somo kubwa kuliko yote.

Hapana shaka nitaulizwa maswali. La kwanza ni pesa. Swali hili ni la haki, na wanaoliuliza wana mfano wa kunionyesha: huduma ile ya Eugene, baada ya miaka zaidi ya 30 ya kusifiwa duniani, ilikoma mjini humo Aprili 2025 kwa sababu ya ukosefu wa fedha. Nauchukua mfano huo kama onyo kuhusu namna ya kugharimia. Kikosi kinachotegemea wafadhili au mkataba wa muda kitakufa mfadhili akichoka. Kikosi kilicho ndani ya bajeti ya afya ya kaunti, chenye wauguzi walioajiriwa na kaunti na gari lililoandikishwa kama ambulensi nyingine yoyote, kitadumu kadiri ambulensi nyingine zinavyodumu. Tena tusisahau kwamba njia ya sasa si ya bure. Mafuta ya gari la polisi yana bei. Siku za mahabusu zina bei. Kijana aliyepofuka ana bei, ila bei hiyo hulipwa na mama yake, ndiyo maana haionekani katika vitabu vya kaunti.

Swali la pili ni usalama. Itakuwaje mgonjwa akiwa na panga? Jibu ni kwamba kikosi hakitachukua nafasi ya polisi mahali penye silaha na damu. Hapo polisi wataitwa, nao watakuja pamoja na muuguzi. Lakini si kila mgonjwa ana panga. Wengi wa walio katika hali hii ni hatari kwa nafsi zao kuliko kwa majirani zao: wanalia, wamejifungia, wamekataa chakula, wanasema hawaoni haja ya kuishi. Kuwapelekea hawa bunduki kwa sababu mmoja wa wenzao alishika panga ni sawa na kuwafunga wanakijiji wote kwa sababu mmoja wao aliiba kuku.

Swali la tatu ndilo gumu zaidi, kwa kuwa huulizwa kwa nadra hadharani lakini hukaa moyoni. Mlevi alijitakia, kwa nini kodi yangu imfuate? Wahenga walisema kwamba mgonjwa haulizwi uji. Nayo ibara ya 43 haikuweka masharti: haikusema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura isipokuwa aliyejiletea. Dereva aliyeendesha kwa kasi akapinduka hatuulizi kama alijitakia kabla ya kumtoa garini. Isitoshe, uraibu si jambo la mnywaji peke yake. Kuna aliyepika, kuna aliyeuza, kuna aliyechukua hongo akafumba jicho.

Na hapa ni lazima niguse jambo ambalo watu wa Embu hawapendi kuguswa. Mnamo Mei 2024, Kaunti ya Mombasa na nyingine za Pwani zilipopiga marufuku muguka, zao linalokuzwa zaidi upande wa Mbeere wa kaunti yetu, viongozi wa Embu walisimama kidete, na katika muda wa siku chache Mahakama Kuu ya Embu ikawa imesitisha marufuku hiyo kwa muda. Sitaki kuuamua ubishi wa muguka hapa. Maelfu ya wakulima husomesha watoto kwa zao hilo. Ninaloliona ni kasi. Tulipotaka kulilinda zao, tulijua mawakili ni kina nani, mahakama iko wapi, na gavana anapatikana kwa njia gani. Kumbe kasi tunayo. Naomba theluthi yake tu ielekezwe kwa wale wasiouza chochote, ambao kilevi, kiwe cha chupa au cha jani, kimewafikisha mahali pa kutojijua.

Msomaji wa jarida hili huenda anajiuliza: haya yote yanahusianaje na Kiswahili? Yanahusiana kwa njia mbili, na zote mbili ni wajibu wetu.

Kwanza, dharura ya akili huanza kwa maneno. Mtu anapopiga simu usiku, hana kipimo cha maabara cha kumwambia mpokeaji. Ana maneno tu. Akisema "ameingiwa na kitu", "hajalala tangu Jumanne", "anasema ataenda kupumzika milele", ni lazima upande wa pili awepo mtu anayeyaelewa. Manyatta ina wazee wanaojieleza vyema zaidi kwa Kiembu, vijana wa mjini wanaosema Sheng, na wageni kutoka kila pembe ya nchi ambao lugha yao ya pamoja ni Kiswahili. Fomu za hospitali, kwa upande wao, zimeandikwa kwa Kiingereza. Baina ya lugha ya maumivu na lugha ya fomu kuna bonde, na wagonjwa hupotea humo. Istilahi zetu zenyewe hazijatulia: wengine husema sonona, wengine unyogovu, wengine mfadhaiko, na mama wa Kairuri huenda asiyatambue yote matatu, ingawa analijua jambo lenyewe kwa undani. Kazi ya kukusanya maneno ambayo watu huyatumia kweli wanapoeleza maradhi ya akili, kuyapanga, kuyapima na kuwapa wahudumu mwongozo wa maswali kwa Kiswahili sahili ni kazi ya wanafunzi wa Kiswahili. Tunazo tasnifu ngapi kuhusu majina ya maduka na maandishi ya matatu? Ni nzuri, lakini hapa kuna uwanja ambao maneno huamua uhai.

Pili, fasihi yetu imekuwa ikiuzungumzia ugonjwa huu muda mrefu, ila sisi tumeusoma kama mtindo. Katika vyumba vya mihadhara tumemjadili Kazimoto wa riwaya ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka wa 1974, kama mdhanaishi. Tumeandika kurasa kwa kurasa kuhusu ubwege wa maisha, tukapewa alama, tukaenda kula. Kazimoto hujiua. Rosa wa Rosa Mistika naye hujiua. Ni nadra sana kwa mhakiki wa kwetu kuuliza swali jepesi la mwanakijiji: palikuwa na nani wa kubisha mlango wao? Simaanishi kwamba riwaya igeuzwe kuwa karatasi ya daktari. Falsafa ina mahali pake. Lakini mhakiki anayeweza kueleza kwa ufasaha kifo cha mhusika wa kubuni, asiweze kumtambua mwanafunzi mwenzake wa bweni la jirani anayeelekea huko huko, amejifunza nusu ya fasihi.

Basi ninapendekeza mambo matatu. Bunge la Kaunti ya Embu litenge, katika bajeti ya afya, kifungu cha kikosi tamba kimoja cha majaribio katika eneo la Manyatta, kwa mwaka mmoja, na lidai hesabu ya wazi: walioitwa ni wangapi, waliotibiwa nyumbani ni wangapi, waliofikishwa hospitalini ni wangapi, na walioishia selini ni wangapi. Takwimu hizo ndizo zitakazoamua kama huduma ienezwe hadi Runyenjes na Mbeere, au irekebishwe. Vituo vya polisi na ofisi za machifu vipewe agizo moja rahisi, kwamba simu ya mgonjwa wa akili au wa kileo ipelekwe kwa kikosi hicho kwanza. Na vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu, kikiwemo chetu, vijitolee kuandaa mwongozo wa lugha kwa wapokeaji simu, kwa ushirikiano na wauguzi na wasemaji wa Kiembu, bila kungoja ufadhili. Idara zetu zina watu. Wakati wa likizo ndefu tunao.

Nambari ya kikosi hicho ikishapatikana, iandikwe kwa Kiswahili na Kiembu kwenye kuta za zahanati, makanisa, misikiti, vituo vya bodaboda na baa pia, hasa baa. Chini yake isiandikwe onyo wala mahubiri. Iandikwe sentensi moja tu: Piga simu, tutakuja. Mama wa kijana yule wa kielelezo chetu hahitaji zaidi ya hapo ili aiache kamba ukutani.